Mdogo wangu hataki tena kugusa pembe: nimwache au nimvute?

Binti wa Langoni (Lamu)

Assalam alaykum jamaa. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika si mambo yangu. Leo naandika kwa sababu hapa Amu neno ukilisema barazani asubuhi, alasiri limeshafika Shela, na magharibi linarudi limeongezwa chumvi mpaka mwenyewe hulitambui.

Sisi tu ndugu watatu, tumbo moja, wanawake watupu. Mimi ndiye mkubwa, kazi yangu kushona kofia. Wa kati ndiye mwenye sauti. Kitindamimba anafundisha chekechea, na yeye ndiye wa kuchekesha watu. Tangu utotoni tunapiga vugo. Kwa wa bara wasiolijua: ni ngoma ya wanawake ya harusini. Kila mmoja ameshika pembe kwa mkono wa kushoto na kijiti kwa mkono wa kulia, mnasimama safu mbili mkitazamana au mnapita vichochoroni, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia. Pembe ukiigonga karibu na ncha inalia kali, ukishuka kuelekea mdomoni inalia nzito. Mimi hupiga kwenye hatua ya mguu, wa kati hupiga katikati ya hatua, kitindamimba anazurura anapotaka. Watatu tu, ua mzima unajaa.

Pembe zetu ni za nyati, tumeachiwa na nyanya yetu mzaa mama. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo pembe ya nyati siku hizi hainunuliwi, ni ya kurithi. Vikundi vipya vinatumia za ng'ombe.

Sasa kisa chenyewe. Wakati wa tamasha la utamaduni tuliimba pale Mkunguni mbele ya ngome, na mabuibui yetu, na nyimbo za kuimbika hadharani, maana zile za ndani hatuziimbi mbele ya wanaume. Palikuwa na prodyuza mmoja kutoka Nairobi. Akasikiliza, akatununulia soda, akachukua namba. Baadaye akapiga simu: anatengeneza albamu ya nyimbo za wanawake wa Lamu, ana mfadhili nje, na ndani yake kuna safari ya Ulaya. Mama akaanza kugawa zawadi ambazo hazijanunuliwa.

Baada ya muda yule bwana akageuza. Anamtaka wa kati peke yake. Eti sisi wawili "tunamziba". Tukakaa usiku tukalizungumza. Mwenyewe alisema haendi. Sisi ndio tuliomwambia nenda, wewe ukifunguliwa mlango na sisi tutapita. Akaenda. Akawa analala kwa binamu yetu Eastleigh, anapanda matatu kwenda studio na kurudi. Mwanzo akipiga simu kila jioni, kisha siku mojamoja, kisha tukawa tunapiga sisi. Mwisho prodyuza akasema mfadhili amejitoa, simu yake ikawa haishikwi, na nyimbo zimebaki ndani ya kompyuta yake. Albamu hakuna, Ulaya hakuna, na nauli ya kurudi tulimtumia sisi kwa M-Pesa.

Amerudi na haimbi. Si harusini tu, hata akiosha vyombo. Zamani ungejua yuko nyumba gani kwa kutega sikio. Pembe yake ameisukuma juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Nikianza kuimba huku nashona, anainuka anatoka. Na hapa mjini wako wasiokuwa na shughuli. Akipita njia kuu kuna mtu atamwita "mwimbaji wa Nairobi", na wenzake watacheka. Yeye anakaza mwendo tu, hajibu, na zamani alikuwa ana jibu la kila mtu.

Kuna na la riziki. Alipokuwa hayupo harusi zilitupungukia. Wawili hawafanyi safu mbili. Tulikuwa tunaazima majirani waje waitikie, na wengine maneno hawayajui, wanafungua mdomo tu. Wenye harusi wakaona heri wakodi spika na dijei wa kike, wawekewe taarab za kisasa za Tanzania, basi. Baada ya Ramadhani harusi zinaanza tena na wako wanaoulizia, sijui niwajibu nini.

Swali langu: nimvute au nimwache? Kitindamimba anasema mwache. Mama anasema tumwoze. Na tafadhalini, asije mtu akaniambia subira huvuta heri. Nimeambiwa mpaka na muuza simiti.

Nahodha Mstaafu (Lamu)

Alaykum salaam mwanangu. Nitasema ambalo wengine wataona haya kulisema. Vugo ni jambo la heshima, halina ubaya, lakini si kazi. Lilikuwa la kusaidiana, leo kwangu kesho kwako. Mlipoligeuza biashara ndipo mlipoanza kuumia. Wewe shika kofia zako, mdogo ashike chekechea yake, na huyo wa kati atafutiwe kibarua. Bandari mpya kule Kililana ilifunguliwa 2021, maofisi yako, na mtoto mwenye kidato cha nne hakosi pa kuanzia. Mkiitwa na jamaa nendeni, pigeni, mrudi nyumbani mlale.

Binti wa Langoni (Lamu)

Ami, shikamoo. Kofia moja ya kazi nzuri inakula miezi ya macho yangu na anayefaidi ni wa dukani, kwa hiyo ukisema hiyo ndiyo kazi, mimi sijui. Na bibi yetu alikuwa akilipwa: kitambaa, mchele, na fedha za kutunzwa. Biashara hatukuianzisha sisi. Bandarini ameshapeleka makaratasi, hajaitwa.

Mpenzi wa Ud (Mombasa)

Dada, usikate tamaa na usimwache akate tamaa. Siti binti Saad alikuwa akiuza vyungu, mtu wa shamba wa Fumba, akafika Bombay kurekodi mwaka 1928 na sahani zake za santuri zikasikika pwani nzima. Bi Kidude wa Unguja alipewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa ajuza. Zein l'Abdin wetu alitoka huko huko Lamu akaja hapa Mombasa na ud wake, leo nani hamjui? Mwambie wakati wake utafika.

Binti wa Langoni (Lamu)

Kaka, ahsante kwa nia yako. Lakini hiyo ya Bi Kidude tunaletewa kila tukianguka. Wangapi walikuwa na sauti ya kushindana na yake, wakazeeka, wakazikwa, na anayejua ni jirani peke yake? Nyanya yetu ni mmoja wao na hakuna hata kanda. Na Zein, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamume. Angekaa harusini mpaka alfajiri na hakuna wa kumuuliza nani kakuruhusu.

Ama Siti, hebu kumbuka vizuri. Alikwenda Bombay na wapigaji wake, watu aliokuwa akiimba nao kila siku. Hakuna aliyemwambia waache Unguja, wanakuziba.

Karani wa Mvita (Mombasa)

Bi Binti, kazi yangu ni makaratasi ya wasanii, kwa hiyo niwie radhi nikiingilia upande ambao hukuuliza. Je, mdogo wako alitia sahihi karatasi yoyote kule Nairobi? Mkataba, fomu, hata ukurasa mmoja?

Nauliza kwa sababu kuna vitu vitatu hapo na watu huvichanganya. Kwanza ni mashairi. Kama beti amezitunga yeye, ni zake tangu zilipoandikwa au kurekodiwa, awe amezisajili au hakuzisajili. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazilinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Na kumhamishia mtu mwingine haki hiyo lazima iwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Maneno ya simu hayahamishi kitu. Pili ni rekodi yenyewe, yaani sauti iliyonaswa. Hapo aliyesimamia na kugharamia kurekodi ana haki zake, hilo msibishane naye. Lakini, tatu, mwimbaji naye ana haki ya uimbaji wake, isitangazwe wala kuuzwa bila ridhaa yake.

Nyimbo za nyanya ni habari nyingine. Zile ni za jamii, hakuna wa kusema zangu. Kuna Sheria Na. 33 ya 2016 inayohusu maarifa na sanaa za jadi, nayo inataka jamii iombwe ridhaa kabla mtu hajazifanyia biashara. Kwa hiyo kaeni mtenganishe: huu wa nyanya, huu wa kwetu. Wa kwenu uandikwe daftarini, jina la mtunzi na tarehe. Kuusajili ni KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na siku hizi maombi hufanyika kwa mtandao. Kukusanyiwa mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zikitumiwa, kuna vyama vya watunzi, vya watumbuizaji na vya watayarishaji, navyo hupewa leseni na KECOBO. Sisemi mtajenga nyumba kwa hizo pesa. Nasema jina lake likae kwenye wimbo wake.

Kisha mwandikieni huyo bwana, kwa heshima, mwombe nakala za kila kitu alichorekodi.

Jambo dogo la mwisho. Hizo pembe za nyati mna kibali cha KWS, shirika la wanyamapori? Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii kwamba mmerithi. Mkidhani mtapanda nazo ndege, mtashukia kituo cha polisi.

Binti wa Langoni (Lamu)

Karani umenipa usingizi kwa mkono mmoja ukaninyang'anya kwa mwingine. Pembe hizi zina umri kuliko jamhuri, lakini nimekusikia, nitauliza taratibu bila kelele.

Karatasi hakuna aliyotia sahihi. Aliambiwa mtasaini albamu ikiwa tayari. Daftari tumeanza leo na kitindamimba, nyimbo za nyanya upande huu, za kwetu upande ule. Za wa kati ni nyingi kuliko nilivyodhani. Huu hapa mmoja, aliutunga kabla ya hayo mambo ya Nairobi, harusi moja ambapo wenye nyumba walikuwa wanatudharau (kwa Kiamu chetu "siiwati tini" ni siiachi chini, na "muini" ni mjini):

Pembe nimeshika, siiwati tini
Hata wakicheka, wenzangu muini
Itatikisika, kuta za Langoni

Kitindamimba alipokuwa anauandika alinitazama. Hatukusema kitu.

Mpenzi wa Ud (Mombasa)

Mashallah. Sita kwa sita, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, na ule mstari wa tatu unaweza kuupigia vyovyote utakavyo. Huyo si wa kuachwa akaoshe vyombo kimya. Narudisha yangu ya Bi Kidude.

Mama Bajia (Malindi)

Shoga, nimesoma yote mpaka mafuta yakaungua. Mimi na dada yangu tuko Malindi, Shella hii yetu si ile yenu. Mama Mgiriama, baba Mbajuni, kwa hiyo nyimbo zetu ni mchanganyiko, ukitega sikio utasikia mwanzele, ngoma ya Wagiriama, ndani ya chakacha yetu ya harusini. Ndoto yetu sisi haikuwa albamu. Ilikuwa hoteli.

Waitaliano walipokuwa wengi, hoteli moja ya ufuoni ilituweka kila Ijumaa tuimbe wakati wa chakula cha usiku. Dada akaacha kazi ya saluni. Tukanunua leso za sare, tukakopa pesa za spika. Msimu ukaharibika, akaja meneja mpya na vijana wake wa animesheni, wanacheza nyimbo za Kitaliano kando ya bwawa, sisi tukaambiwa tutapigiwa simu. Mpaka kesho haijalia. Deni la spika tulilipa kwa bajia, na hilo jina langu la humu ndilo asili yake.

Dada akafanya vilevile anavyofanya mdogo wako. Hakuimba. Shangazi yetu akajitwika kazi ya kumvuta: anamwekea kanda za Zuhura Swaleh wa taarab, anamtumia watu, anamwambia mbele za wageni "huyu alikuwa na sauti huyu". Kila anapovutwa anasogea mbali zaidi. Ikafika akawa hapiti hata mtaa wa shangazi.

Kilichomtoa ni shida ya mtu mwingine. Harusi ya binamu, mpiga upatu akaugua siku hiyo hiyo. Hakuna aliyembembeleza. Mama wa bibi harusi alimshika mkono akamkalisha: wewe kaa hapa ugonge. Uso wake siku ile ulikuwa mchachu kuliko ukwaju, lakini mkono ulijua kazi. Mdomo hakufungua. Harusi iliyofuata akaja mwenyewe, akakaa palepale penye upatu.

Na mpaka leo hatoi wimbo. Natoa mimi, na sauti yangu ukiilinganisha na yake ni ya kuitia watoto chakula. Yeye sasa ndiye anayepokea arbuni, ndiye anayekaa mlangoni na ndoo kukusanya simu ili mtu asije akarusha mitandaoni wanawake waliovua mabuibui, na ndiye anayenikodolea macho nikipotea. Watu wanatuita kwa sababu yake. Wanajua harusi akiwako yule mama wa ndoo, hakuna video itakayotoka. Sisi tumeacha kumngoja yule wa hotelini.

Sasa nikuulize. Kule Nairobi alirekodi vipi? Siulizi pesa zilikwenda wapi. Alipokuwa anatoa wimbo, nani alikuwa anamwitikia?

Nahodha Mstaafu (Lamu)

Huyo mama wa ndoo tungempata na hapa. Harusi ya juzi mtaani kwetu video ilifika Dubai kabla biriani haijapakuliwa.

Binti wa Langoni (Lamu)

Nimechelewa kujibu, nilikuwa natafuta wakati wake. Mdogo wangu ukimjia na swali mchana, anafunga. Juzi umeme ulikatika, joto, upepo hakuna, sote tukapanda darini na mikeka. Nikamuuliza swali la Mama Bajia, neno kwa neno.

Akacheka kwanza. Akasema hakuna. Alikuwa anafungiwa ndani ya kijichumba, vipokea sauti masikioni, mle ndani kinanda kishapigwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona uso. Anaambiwa imba. Anatoa ubeti, akifika mwisho ananyamaza. Anasema hakukusudia, mwili wenyewe ndio unaonyamaza kutungoja sisi. Prodyuza anasimamisha mashine: mbona unakata? Anaanza tena, ananyamaza tena palepale. Mwisho akaambiwa usijali, hayo mapengo tutayaondoa.

Siku moja akasikilizishwa wimbo ulioisha. Ni huo niliowaandikia hapo juu. Beti zimesukumwa zikagusana, pumzi imekatwa, pembe hakuna, mwendo umeongezwa mpaka "kuta za Langoni" inapita mtu hajaisikia. Alisema, "Nilikuwa nasikiliza mtu asiye na ndugu." Kisha akaomba maji.

Mimi muda wote huu nadhani analia kwa kuwa albamu haikutoka. Kumbe hofu yake ni itoke. Anaamka usiku anashika simu kutafuta jina lake YouTube, kuona kama yule bwana ameziweka. Akikutwa na mtu anafunga simu haraka, na mama akawa anadhani kuna mchumba.

Kitindamimba akiwa amelala chali akauliza, "Sasa na akiziweka, sisi tutaziba nini?" Wa kati akacheka tena, safari hii kicheko chake kile cha zamani. Lakini hakuimba, jamani msije mkadhani. Tulilala.

Karani, hilo la ridhaa nieleze zaidi. Anaweza kumzuia?

Karani wa Mvita (Mombasa)

Aandike leo, asingoje nyimbo zionekane. Barua fupi: mimi ndiye mtunzi wa beti hizi, azitaje moja moja, na ndiye mwimbaji. Sijahamisha haki yoyote kwa maandishi. Siridhii nyimbo hizi kutolewa, kutangazwa wala kuwekwa mtandaoni. Naomba nakala. Tarehe, jina, sahihi. Aitume kwa barua pepe na kwa WhatsApp pia, na asifute kitu, hata zile sauti za mwanzo alizotumiwa akiahidiwa Ulaya. Hizo ndizo ushahidi kwamba palikuwa na ahadi na hapakuwa na mkataba.

Na mtunzi ana haki nyingine ambayo haiuzwi: kupinga kazi yake ikikatwakatwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Hiyo anaweza kuitaja kwa sentensi moja. Matusi asitie, hata yakimjia. Barua yenye matusi ikifika mezani kwa wakili inasomwa matusi tu.

Akiziweka bila kujali, njoo kwangu humu kwa ujumbe wa faragha, kuna namna ya kuuandikia mtandao wenyewe uziondoe.

Mama Bajia (Malindi)

Mwambie mdogo wako kwamba kuna dada mmoja Malindi amesomewa kisa chake na hakusema kitu, ila amekunja ndoo yake akaiweka chini. Ni ndoo ya plastiki, haikunjiki, lakini ungemwona ungenielewa.

Sasa la maana. Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani, tuna harusi hapa Malindi, ya watu wa asili ya huko kwenu, wanataka vugo na hatulijui vizuri, sisi ni watu wa chakacha. Nimewaambia wenye harusi nitawaletea wenyewe. Nahitaji watu wa kugonga. Sikusema waimbaji, nimesema wa kugonga. Kutoa wimbo atatoa yeyote. Nauli juu yao, malazi kwangu. Mnakuja?

Binti wa Langoni (Lamu)

Nimemsomea. Ametaka kujua maswali ya ajabu: ua ni wa mchanga au wa sakafu, na wanawake wa Malindi wanaitikia au wanapiga vigelegele tu. Nimemwambia sijui, ataona mwenyewe.

Atakuja kugonga. Masharti yake ameyataja na nayaandika alivyosema. Hatoi wimbo, na mtu asimwombe, hata bibi harusi. Arbuni nusu kabla ya kupanda mashua ya Mokowe. Simu zote ndooni, na yake pia. Na akisikia mtu anasema Nairobi, anarudi Lamu siku hiyo hiyo kwa miguu.

Barua imekwenda. Tuliiandika watatu, kitindamimba ndiye aliyechapa, na aya yake moja ilibidi tuifute kwa sababu ya lile onyo la Karani. Yule bwana amesoma, alama mbili za bluu zimeonekana, hajajibu.

Kitindamimba hana hakika ya ruhusa ya shule, kwa hiyo tuhesabu wawili, akipata tutakuwa watatu. Pembe za nyati tunaziacha. Sitaki kusimamishwa kizuizini Garsen nieleze habari za nyanya.

Mama Bajia (Malindi)

Za ng'ombe ninazo, ila zimekaa sana na moja imepasuka mdomoni. Leteni vijiti vyenu. Ua ni wa mchanga. Kuitikia wanaitikia, ila wanapenda kuharakisha, itabidi mwashike.

Nahodha Mstaafu (Lamu)

Mkirudi, mjukuu wangu anaolewa mwezi unaofuata. Nyinyi ni jirani zangu, na mimi babu yenu nilimjua. Hapo ni leo kwangu kesho kwako, au na mimi nahesabiwa?

Binti wa Langoni (Lamu)

Unahesabiwa, ami. Arbuni nusu. Mlete na mchele.